Usiharakie Gundi: Kolaji kwa Aliyepatwa na Kiwewe

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, kaka na dada zangu, ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka Micheweni na Konde kwa gari za asubuhi. Nimetakiwa nizungumzie kolaji, yaani picha inayotengenezwa kwa kukata au kuchana karatasi na vitambaa, kuvipanga, kisha kuvibandika juu ya boksi. Nitaizungumzia ile ya dhahania, isiyo na sura ya mtu wala nyumba wala mnazi, rangi na maumbo tu. Na nitaizungumzia kwa ajili ya yule aliyepatwa na jambo zito ambalo mpaka leo hawezi kulisema.

Hapa Pemba huyo mtu tunamjua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu, na watu zaidi ya 200 wakafa. Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Tulizika, tukasoma hitima, tukapeana pole. Lakini wapo walionusurika ambao mlango ukibamizwa na upepo, moyo unawaruka. Wapo wasiokanyaga tena boti. Wapo wanaoamka saa nane za usiku wamelowa jasho. Tunawaambia, "Sema, utapata nafuu." Mtu anafungua mdomo, hakitoki kitu, nasi tunasema ana kiburi.

Wallahi si kiburi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliupiga picha ubongo wa watu wenye kiwewe huku wakikumbushwa yaliyowapata. Sehemu ya upande wa kushoto inayotusaidia kutamka maneno, inayoitwa eneo la Broca, ilipunguza kazi, na zile zinazohusika na hofu na kuona zikachachamaa. Maana yake tukio linamrudia kama picha, sauti na harufu, na wakati huohuo ulimi unakuwa mzito. Kwa hiyo mimi siwaanzishi watu kwa maneno. Nawaanzisha kwa mikono.

Wengine walishaifuata njia hii katika hali mbaya kuliko zetu. Friedl Dicker-Brandeis, msanii wa Austria, alifungwa na Wanazi, watawala wa Ujerumani wa zama za Hitler, katika geto la Terezín, yaani mji waliowafungia Wayahudi. Humo aliwafundisha watoto kuchora na kutengeneza kolaji kwa karatasi zozote walizozipata, hata fomu za ofisi zilizokwisha kutumika. Kabla ya kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, ambako aliuawa mwaka 1944, alizificha kazi zao zipatazo 4,500 ndani ya masanduku mawili. Watoto wengi katika hao hawakutoka hai. Simtaji ili niseme kwamba karatasi huokoa roho. Namtaja kwa sababu mwalimu yule, ndani ya mahali pale, aliona mtoto ana haki ya kuamua rangi gani ikae wapi.

Na hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Aliyepatwa na kiwewe alinyang'anywa uamuzi. Meli haikumuuliza. Aliyempiga hakumuuliza. Mezani, kabla gundi haijaguswa, kila kipande kinamngoja yeye.

Nilikaa na mama mmoja, jina lake ni amana yangu. Alichana vipande vya buluu kutoka kalenda ya zamani, akavilaza juu ya mfuko wa saruji ulionyooshwa. Kisha akatoa kipande kidogo cha kanga nyekundu, hakifiki hata upana wa vidole viwili. Akakiweka chini ya buluu. Akakitoa, akakiweka juu. Akakirudisha chini, akaacha ncha tu ionekane. Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Sikumuuliza kitu. Gundi ya unga wa ngano ikaanza kukauka kwenye kibakuli, nikaongeza maji. Mwisho akakiweka pembeni kabisa, peke yake, akakibandika kile tu, mengine akayaacha yalivyo. Akasema, "Leo basi." Alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ndiyo maana nawaomba wanaosimamia meza msiwaharakishe watu kubandika. Pia msiulize, "Hii ni nini?" Picha isiyo na sura inamsitiri mwenyewe: anaweza kuwa ameitoa siri yake yote mezani na jirani aliyekaa naye asiijue. Katika miji yetu, ambako habari hufika Wete kabla mwenyewe hajafika, sitara hiyo ina thamani kubwa. Tena wengi wetu hatupendi kuchora viumbe wenye roho. Milango ya Mji Mkongwe na mikeka yetu ya ukili imejaa maumbo yasiyo na uso, na macho yetu yameshazoea uzuri huo.

Jengine, kalenda zikaguliwe kabla ya kukatwa. Nyingi zina aya au majina ya Mwenyezi Mungu, na mtu akigundua ameyapitisha mkasi atapata huzuni mpya.

Kuhusu ujuzi, msiwe na wasiwasi. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel walichapisha utafiti wa watu wazima 39 waliokaa dakika 45 na karatasi za kolaji, udongo na kalamu za rangi. Takriban robo tatu yao, homoni ya msongo iitwayo kotisoli ilishuka, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Watu hao walikuwa wazima wa afya, kwa hiyo sisemi hii ni dawa ya kiwewe. Asiyelala wiki nzima, au anayesema hataki kuishi, apelekwe hospitali leo hii, na asiachwe peke yake. Na mezani, mikono ikianza kutetemeka au macho yakiganda, wekeni mkasi chini, mpeni maji, tokeni naye nje.

Picha ikimalizika ni ya aliyeitengeneza. Akitaka aitundike, akitaka aitie mkobani, akitaka aichome moto.

Meza ziko uani. Upande wa kulia ni wa wanawake, wa kushoto wanaume, na kaka zangu wavuvi msione haya. Anayetaka kukaa tu na kutazama, viti vipo.