Upau wa Maendeleo Usiomdanganya Mtu

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa, tuanze. Leo naongelea kitu kidogo sana kwenye tovuti, ule upau wa maendeleo, yaani ule mstari unaojaa taratibu wakati faili linapakiwa. Najua wengi wenu mnauchukulia kama urembo, unaweka div moja, yaani kisanduku kitupu cha ukurasa, ndani ya nyingine, unatia rangi, unaandika setInterval, ile amri ya JavaScript inayorudia kitu kila baada ya muda, ya kuusogeza afu unaenda kulala. Mimi naomba tuuangalie vizuri, manake kwa mtu anayesubiri ule mstari ni kauli yako wewe, unamwambia kazi imefika hapa, na kama haijafika hapo basi umemdanganya hata kama rangi zinapendeza vipi.

Na watu wanautaka kweli. Mwaka 1985 mtafiti wa kompyuta Brad Myers alitoa utafiti kuhusu viashiria vya asilimia kwenye kompyuta, na watu aliowajaribu wakaonyesha wanapenda kuwa navyo kuliko kukaa gizani. Ni zamani sana, na mpaka leo mtu ukimwacha na skrini iliyoganda anabonyeza tena kile kitufe.

Sasa tuingie kazini. Usianze na div, HTML, ile lugha ya kuunda ukurasa, ina elementi yake inaitwa progress, unaipa value, yaani kazi imefika wapi, na max, yaani mwisho wake, basi. Hapo kwenye max pana mtego, usipoiandika inahesabiwa kuwa 1, kwa hiyo ukiweka value ya 40 ukidhani ni asilimia 40 utaona upau umejaa wote tangu mwanzo na utahangaika na CSS, ile lugha ya kupamba ukurasa, saa nzima wakati kosa liko kwenye HTML. Andika max ya 100, yaishe. Ukiiacha bila value kabisa, brauza inaelewa kwamba kazi inaendelea ila haijulikani imefika wapi, inachora ule mstari unaokimbia huku na huku. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kwenye kuupamba ndo watu wengi wanakata tamaa. Kama unataka rangi tu, tumia accent-color, laini moja na umemaliza. Ukitaka kona za mviringo na unene wako mwenyewe, unaanza na appearance: none kuvua sura ya brauza, halafu kila brauza ina majina yake. Chrome na Safari, ::-webkit-progress-bar ni ile njia ya nyuma, ambayo mstari unajaa juu yake, na ::-webkit-progress-value ndo sehemu iliyojaa. Firefox ina ::-moz-progress-bar, na hapa tulieni, jina linafanana na lile la kwanza lakini kwa Firefox hiyo ndo sehemu iliyojaa, njia ya nyuma unaipamba kwenye progress yenyewe! Na msiyaunganishe kwa koma ili kufupisha, Chrome ikikutana na lile jina la Firefox isilolijua inatupa sheria nzima, unabaki na upau usio na rangi uliyoitaka na hakuna popote palipoandikwa kosa. Andika mara mbili tu, ndivyo ilivyo.

Kuna fomu niliwahi kuitengeneza ya kupakia nyaraka, upau ulikuwa mzuri sana na ulisoma namba za kweli, nilitumia XMLHttpRequest, njia ya JavaScript ya kutuma data kwa seva, kwa sababu inakupa tukio la progress kwenye upload, lina loaded na total, baiti zilizotoka na jumla yake, fetch ya kawaida, ile njia nyingine ya kutuma, haikupi hizo wakati wa kutuma. Unaangalia kwanza lengthComputable ni kweli, yaani jumla inajulikana, unagawanya, unapata asilimia. Nikaona nimemaliza. Kumbe watu walikuwa wanafika 100, wanaona hakuna kinachotokea, wanafunga ukurasa. Baiti zilikuwa zimefika ila seva ilikuwa bado inakagua faili na kulihifadhi, sekunde kumi na kitu hivi, na upau wangu ulikuwa umeshawaambia tumemaliza. Iliniuma, manake mtu mmoja alirudia kutuma mara nne na kila mara faili lake lilikuwa limefika salama.

Dawa yake ni ile niliyosema mkumbuke. Baiti zikiisha, unaiondoa value, upau unageuka kuwa ule usiojua mwisho, na maandishi ya juu yanabadilika, "Tumelipokea faili, tunalikagua". Tumia removeAttribute, amri ya kuifuta value kabisa, ukiandika value = null inakuwa sifuri na mtu anaona kazi imerudi mwanzo, sijui kama kuna kitu kinatisha zaidi ya hicho baada ya kusubiri dakika tano.

Na upau uwe na label, yaani maandishi yanayosema ni wa kazi gani. Mtu asiyeona anatumia programu ya kusoma skrini, progress inamsomea asilimia bila wewe kuongeza kitu, ila bila label anasikia asilimia 60 ya nini sasa? Sehemu iliyojaa na njia yake zitofautiane vya kutosha, WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza wa 3 kwa 1 kwa michoro ya namna hii, kijivu juu ya kijivu hakipiti. Kama umeweka michirizi inayotembea, izime kwa prefers-reduced-motion, sharti la CSS linalojua mtu ameomba mwendo upunguzwe kwenye kifaa chake, wapo wanaopata kizunguzungu kweli.

Kabla hujaipeleka hewani, fungua zana za wasanidi kwenye brauza, weka mtandao wa polepole, pakia faili kubwa afu katikati zima intaneti kabisa. Uangalie upau. Ukisimama na ujumbe wa kosa ukatokea, vizuri. Ukiendelea kusogea, kuna setInterval mahali kwenye kodi yako, itafute uitoe.

Haya, nani ana swali?