Kanzu ya Milioni Nne na Laki Mbili

ZUHURA: Tumeanza kurekodi? Haya. Swaibu, leo acha salamu ndefu. Niulize lile swali unalonitumia tangu Jumapili.

SWAIBU: Umelipa?

ZUHURA: Sijalipa.

SWAIBU: Hata shilingi?

ZUHURA: Hata shilingi. Nimelipa boda tu, kwenda na kurudi mara nne.

SWAIBU: Alhamdulillahi. Wasikilizaji, mnakumbuka Zuhura alivyosema hapa kwamba kodi ya nyumba Kawempe imemchosha, anatafuta pake pa kununua. Sasa Jumapili mchana nakula, simu inalia: "Swaibu, amekubali bei!" Nyuma yake nasikia vigelegele kama harusini.

ZUHURA: Mama na watoto hao. Waache washangilie, miaka 11 ya kupanga si mchezo. Ni Matugga, nje ya Kampala, kibanja cha futi 50 kwa 100, kina nyumba ya vyumba viwili, msingi wa cha tatu, na fenesi moja kubwa. Muuzaji alianzia milioni 50. Tulivutana mwezi mzima, Jumapili akashuka hadi 42 akanipa mkono. Na kabla hajauachia mkono wangu akasema, "Jioni niletee kumi za kushikilia, kuna mtu mwingine anakuja kesho."

SWAIBU: Yule mtu mwingine anakuja kesho kila siku.

ZUHURA: Lakini moyo unaenda mbio, Swaibu. Wewe unajua, mimi najua, tumekisema hapa mara ngapi, na bado nilifungua simu kuangalia salio.

SWAIBU: Ndiyo maana kipindi cha leo nimekiandalia karatasi. Mambo saba ya kufanya kuanzia mtu anapokubali bei hadi pesa inapotoka mkononi. Na la kwanza ni hilo: mkono siyo mkataba. Akikubali bei, hujanunua kitu. Umepata ruhusa ya kuanza kuuliza maswali. La pili, tembea mpaka. Ulitembea?

ZUHURA: Jumatatu asubuhi, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na muuzaji, na nikasisitiza majirani wa pande zote waitwe. Muuzaji hakupenda. Akasema, "Luwaanyi zinaonekana, za nini kusumbua watu?" Kwa msikilizaji asiyejua, luwaanyi ni ule mmea wa majani marefu ambao Waganda hupanda mpakani, tangu enzi za mababu. Basi tukazunguka. Pembe tatu, luwaanyi nene, zimezeeka, shina lina magamba. Pembe ya nne, upande wa fenesi, luwaanyi ni nyembamba kama kidole. Nikainama. Udongo chini yake mweusi, laini, bado una unyevu. Kulikuwa hakujanyesha siku tano.

SWAIBU: Imehamishwa.

ZUHURA: Sikusema kitu. Kuna jjajja mmoja, mzee jirani, amekaa kwenye mkeka anamenya matooke, hata hakunyanyuka. Akasema, "Ile ya zamani ilikuwa huku kwangu kwenye jiwe, hawa wameisogeza wajukuu wangu wanaona." Nikahesabu kutoka kwenye jiwe hadi ile nyembamba. Hatua saba.

SWAIBU: Kibanja kilikuwa kimeongezwa hatua saba kuingia kwa jjajja?

ZUHURA: Ili kifike 50. Kumbe upande ule ni 30 na kidogo. Ningelipa, ningejenga ukuta, halafu kesi ya jjajja ingekuwa yangu. Muuzaji angekuwa ameshahama.

SWAIBU: Unaona? Saveya angekuambia vipimo, lakini jjajja ndiye aliyekuambia historia. Lete wote wawili. La tatu...

ZUHURA: La tatu ni mke. Nalisema haraka. Nyumba ile wanaishi, ni makazi ya familia. Sheria ya Ardhi ya Uganda inataka mke au mume akubali kwa maandishi, bila hivyo mauzo ni batili. Muuzaji akasema mke yuko safarini Kayunga, atasaini akirudi. Nikamwambia mpigie hapa hapa, weka spika. Mke akauliza, "Nyumba ipi inayouzwa?"

SWAIBU: Subhanallah.

ZUHURA: Kimya, hata kuku walinyamaza. Alhamisi mama huyo akaja. Tulikaa naye, mama mwenye heshima zake, akasema yuko tayari kuuza kama sehemu ya pesa itamnunulia kiwanja Kayunga kwa jina lake. Mimi nimefurahi. Mwanamke akishaandika kwa mkono wake, nalala.

SWAIBU: La nne sasa, na hili ndilo zito. Hiki ni kibanja, si hati. Ardhi yenyewe ni mailo, ule umiliki wa kudumu wa Buganda, ina mwenyewe. Muuzaji anauza haki yake ya kukaa na kutumia, lakini chini yake kuna mwenye hati, na sheria inasema mwenye hati ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kununua, na ridhaa yake inahitajika. Mabadiliko ya 2010 yaliongeza meno: mwenye kibanja akiuza bila kumpa mwenye ardhi nafasi hiyo, ni kosa, na anaweza kupoteza haki yake. Sasa aliyepoteza haki amekuuzia nini?

ZUHURA: Ndiyo tukaenda kwa mwenye ardhi. Na hapo, Swaibu, ndipo nilipoambiwa habari ya kanzu.

SWAIBU: Eleza vizuri, maana kuna wasikilizaji wa Arua na Busia, na wa kuvuka mpaka, wanadhani tunazungumza nguo.

ZUHURA: Kanzu ni kile mnunuzi wa kibanja anachompa mwenye ardhi anapokwenda kujitambulisha. Jina ni la nguo, kitu ni pesa. Mimi nimeambiwa kumi kwa mia.

SWAIBU: Ya milioni 42.

ZUHURA: Milioni 4 na laki 2.

SWAIBU: Kanzu ya milioni nne na laki mbili! Ina mikono mingapi?

ZUHURA: Usicheke, mimi nimelelewa chini ya cherehani. Marehemu baba alishona kanzu Bombo maisha yake yote. Ile nakshi nyekundu ya shingoni, omuleera, alikuwa anaimaliza usiku kwa taa ya chemli, na mimi namshikia uzi. Kanzu nzuri ilichukua siku tatu. Mtu akija kuichukua hakuulizwa bei mlangoni, anakaa, anakunywa chai, ndipo wanazungumza. Kwa hiyo niliposikia "leta kanzu", sikusikia rushwa. Nilisikia: njoo tukujue.

SWAIBU: Na ndivyo ilivyoanza, sikatai. Nguo yenyewe imeingia Buganda na wafanyabiashara wa pwani, enzi za Kabaka Suuna, na neno limekuja na nguo. Mpangaji mpya anampelekea mwenye ardhi kanzu, anapokewa, anakuwa mtu wake. Nguo moja. Siku tatu za fundi, kama unavyosema. Lakini baba yako angeshona kanzu ngapi kwa milioni nne na laki mbili?

ZUHURA: Angeshona za msikiti mzima.

SWAIBU: Safu zote?

ZUHURA: Na za imamu na muadhini, na ya kubaki.

SWAIBU: Basi hiyo siyo kanzu, hilo ni duka la nguo. Na nimeisoma Sheria ya Ardhi, Zuhura. Busulu imo. Busulu ni kodi ya kila mwaka ya mwenye kibanja, ina utaratibu, bodi ya ardhi ya wilaya inapanga kiwango. Kanzu sikuiona humo. Kitu kisicho na kiwango, mwenye nacho anakipima kwa uso wako.

ZUHURA: Ndiyo, lakini mila haisubiri iandikwe. Kwenye kwanjula, siku ya kujitambulisha ukweni, nani ameandika idadi ya vikapu?

SWAIBU: Vikapu vya kwanjula nikivipeleka, narudi na mke. Wewe ukipeleka kanzu, unarudi na nini?

ZUHURA: Na barua ya ridhaa.

SWAIBU: Iliyosainiwa na nani? Waambie wasikilizaji.

ZUHURA: Hapo sasa. Mwenye hati amefariki. Alifariki siku nyingi, ana watoto wengi, na tuliyekutana naye ni mtoto mkubwa. Mtu mzima, mpole, ametukaribisha vizuri, ametoa daftari. Kijiji kizima wanamlipa yeye busulu na anawapa risiti.

SWAIBU: Ana barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani?

ZUHURA: Anasema familia inaishughulikia.

SWAIBU: Basi hana. Dada yangu, mtoto mkubwa siyo mwenye ardhi. Mpaka mahakama impe usimamizi, yeye ni mmoja wa watoto. Umempa yeye kanzu leo, mwakani dada yake anatoka mahakamani na barua, anakuuliza, "Wewe nani? Nani alikuruhusu?" Utamwambia nilimvisha kaka yako?

ZUHURA: Nitamwonyesha risiti, na mwenyekiti shahidi, na kijiji kizima wanaomtambua. Sikiliza, Swaibu. Nimelifikiria usiku mzima. Nataka nimpe nusu. Milioni 2 na laki 1, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti, imeandikwa kabisa kwamba nusu ya pili atapewa msimamizi wa mirathi akipatikana. Nusu hiyo inanipa nafasi kijijini. Muuzaji anatulia, hatamwendea mtu mwingine.

SWAIBU: Hapana.

ZUHURA: Hujanisikia.

SWAIBU: Nimekusikia. Nusu ya kanzu ni nguo isiyo na mgongo. Pesa yoyote kwa mtu asiye na mamlaka umeitupa. Kwanza nenda ofisi ya ardhi ya kanda pale Wakiso, na namba ya bloku na ploti, uone hati bado iko kwa jina la nani. Pengine ina mkopo wa benki. Pengine mmoja wa watoto ameshaweka kaviati, zuio kwenye hati. Hujui! Umejua hatua saba za luwaanyi, na hujui jina lililo kwenye hati.

ZUHURA: Namba ya bloku ninayo. Nitakwenda. Lakini hata nikikuta jina la marehemu, na nitalikuta, kisha? Nisubiri ndugu wapatane? Nani anajua watapatana lini? Wakati huo mimi nalipa kodi Kawempe laki 4 kila mwezi na bei ya Matugga inapanda.

SWAIBU: Usisubiri. Achana nacho. Tafuta penye hati.

ZUHURA: Kwa milioni 42? Penye hati na nyumba na umeme karibu? Nionyeshe leo hii nikavae viatu.

SWAIBU: Anza na kiwanja kitupu chenye hati, mbali zaidi, ujenge pole pole.

ZUHURA: Wewe una hati, Swaibu, baba yako alikuachia, kwa hiyo unaiona hati kama mlango wa kawaida. Watu wengi tunaowajua sisi, waliojenga, wakasomesha, wakazika wazazi, wako kwenye bibanja. Hao wote ni wajinga?

SWAIBU: Sikusema ni wajinga. Nimesema wengi wao waliingia zamani, mwenye ardhi akiwa hai. Mjomba wangu alilipa kanzu mara mbili. Mara mbili, Zuhura, kwa watoto wawili wa mtu mmoja, na wa tatu ndiye aliyekuja na wakili. Nimebeba godoro lake kwa kichwa changu mwenyewe siku wanaondoka. Usiniambie habari ya kutambuliwa na kijiji.

ZUHURA: Pole. Hukuwahi kunieleza hilo.

SWAIBU: Sikuwahi.

ZUHURA: Lakini sikubali, Swaibu. Mjomba alilipa bila maandishi?

SWAIBU: La kwanza bila, la pili kwa maandishi. Maandishi yalimsaidia kulia vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa, lakini daftari lenye jina la mtu asiyehusika ni karatasi tu.

ZUHURA: Na mimi nasema mtu anayepokea busulu ya kijiji kizima anahusika, hata kama mahakama haijampigia muhuri. Nikimpita nisimheshimu, siku ya msimamizi kupatikana, yeye ndiye atakayesema, "Huyu mwanamke aliingia bila kutuona."

SWAIBU: Mheshimu kwa chai. Mpelekee sukari, sabuni. Mpelekee hata kanzu yenyewe, ya kitambaa, yenye omuleera!

ZUHURA: Ya baba ninayo moja. Haiuzwi wala haitolewi.

SWAIBU: Najua.

ZUHURA: Saa ngapi hapo?

SWAIBU: Dakika sita kabla ya magharibi. Na karatasi yangu tumeishia la nne. La tano ilikuwa wakili, kwamba awe wako, si wa muuzaji, na asitafutwe na broka. La sita nilitaka kuwaeleza wale wa hati: ardhi yenu ikithaminiwa na mthamini wa serikali, ushuru wa stempu wa 1.5 kwa mia unahesabiwa kwa thamani yake, si kwa bei mliyoandika, kwa hiyo...

ZUHURA: Swaibu, muadhini anajaribu spika.

SWAIBU: Basi la sita na la saba siwezi. Karatasi hii hapa, nakuachia.

ZUHURA: Sitaisoma leo.

SWAIBU: Kesho unaenda kule?

ZUHURA: Saa tatu, kwa mwenyekiti. Mama mwenye nyumba atakuwepo kusaini ridhaa yake, na jjajja ameahidi kuja kuonyesha jiwe.

SWAIBU: Na mtoto mkubwa?

ZUHURA: Atakuwepo.

SWAIBU: Utakwenda na nini mkononi?

ZUHURA: Nitakwenda na mama yangu.

SWAIBU: Sikuuliza utakwenda na nani.

ZUHURA: Zima hiyo, tukaswali.