Shefu wa Darasa na Orodha Yake

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na walimu, ukumbi wa parokia, Lubumbashi)

Mama na baba, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, jambo yenu.

Walionialika wanataka niseme kama watoto wetu wanaoneana shuleni kuliko watoto wa Ulaya. Swali hilo nilijibu haraka tulimalize. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa hesabu: karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alisema ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Ulaya ni robo. Afrika kusini mwa Sahara ni 48 kwa mia. Naona vichwa vimeanza kutikisika. Ngojeni kwanza.

Hesabu hizi hutegemea umeuliza nini. Japani, mwaka wa shule 2005, shule ziliripoti visa 20,143. Mwaka uliofuata vikawa 124,898. Je, watoto wa Japani walipandwa na pepo usiku mmoja? Wizara ilibadili maana ya neno, basi. Zamani kisa kilipaswa kuwa kizito na cha kurudiarudia ndipo kihesabiwe. Tangu 2006 wanaanza na mtoto mwenyewe, kama jambo limemuumiza. Kwa hiyo nchi yenye visa vingi kwenye karatasi huenda ndiyo inayosikiliza. Hapa ukumbini kuna maprefe, wakuu wa shule zetu, nawaona. Nani ana daftari la visa hivyo ofisini kwake? (Kimya, kisha kicheko.) Haya, tuendelee.

Mimi wingi haunishughulishi sana. Nataka tutazame namna. Uonevu hufuata umbo la shule yenyewe, kama maji ya mvua yanavyofuata mfereji uliochimbwa tayari.

Kaeni kidogo na hiyo Japani. Kule darasa moja hukaa chumba kimoja mwaka mzima. Walimu ndio wanaohama. Watoto wanakula pamoja mle mle, wanafagia pamoja. Sasa ukiwa ndani ya chungu kimoja namna hiyo, silaha kali kuliko ngumi ni mgongo. Darasa zima linakugeuzia mgongo: hakuna anayekujibu, hakuna anayekuona. Wanaita *ijime*. Mwaka 1985, huko Tokyo, darasa moja lilimfanyia mwenzao mazishi ya mchezo, naye yu hai. Meza yake waliipanga kama ya marehemu, wakamwekea kadi ya kumuaga, wenzake wakatia sahihi. Walimu wanne nao wakatia sahihi. Mtoto alikuwa na miaka 13. Miezi michache baadaye alijiua. Mimi kila nikisimulia habari hii, sikwami kwenye ukatili wa watoto. Nakwama kwenye zile sahihi nne.

Norway ni namna nyingine. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini walijiua, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni nchi nzima. Mtaalamu aliyetumika ni Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi Bergen. Yeye alisema uonevu una alama tatu: umekusudiwa, unarudiwa, na mwenye kuonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Alikuwa akitazama hasa watoto wakubwa na wenye nguvu, uwanjani, saa ya mapumziko. Ndiyo maana dawa yake ya kwanza ilikuwa rahisi: watu wazima watoke nje wakae na watoto. Ufaransa nao walichukua njia ya sheria. Tangu 2022 uonevu shuleni ni kosa la jinai, na kama aliyeonewa amejiua au amejaribu, kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Kenya, huko mashariki, shule nyingi za sekondari ni za bweni. Pale anayetawala ni umri. Mwanafunzi mpya anaitwa mono: anachota maji ya wakubwa, anafua soksi zao. Mwaka ukigeuka, yeye anamngoja mono wake. Msicheke sana, maana chuo kikuu hapa kwetu wanafunzi wapya tunawaita *bleus*, nao huteswa na wakubwa, na desturi hiyo hatukuirithi kwa babu zetu. Mbelgiji ndiye aliyetuachia.

Basi sisi. Shule yetu ya msingi ina umbo gani? Watoto 70, pengine zaidi, mwalimu mmoja. Ndani yao kuna waliorudia darasa mara mbili, wana ndevu za kwanza, wameketi benchi moja na mtoto wa miaka 10. Mwalimu anaitwa ofisini. Anafanya nini? Anamteua shefu wa darasa, yaani kiranja, anamkabidhi chaki: «Andika wote wanaopiga kelele.» Orodha ya *bavards*. Mwalimu akirudi, walioandikwa wanapiga magoti, au wanachapwa.

Mimi nilikuwa shefu wa darasa, mwaka wa tano, enzi za Zaire. Niwaambie ukweli wangu, kwa kuwa wazazi mnapenda kuamini mwonevu ni mtoto wa jirani. Kulikuwa na mvulana mmoja mfupi, mama yake aliuza karanga. Kila asubuhi alikuja na karanga amezifunga kwa karatasi ya daftari, zingali na joto. Siku ya kwanza alinipa kwa mapenzi. Siku ya pili nilinyoosha mkono. Siku ya tatu hakuwa nazo, na jina lake likawa la kwanza ubaoni, ingawa alikuwa amenyamaza kimya kama jiwe. Nikaongeza msalaba mbele yake: maana yake ameendelea. Misalaba mitatu, fimbo tatu. Mimi sikumgusa hata kwa kidole. Mwalimu ndiye aliyempiga, kwa mkono wake, kwa mwandiko wangu.

Mkinipima kwa alama za Olweus, zote tatu zipo: nilikusudia, nilirudia, na nguvu nilikuwa nazo. Lakini nguvu hizo sikuzaliwa nazo. Nilikuwa mwembamba kuliko nusu ya darasa. Nilipewa, pamoja na chaki.

Leo karanga zimekuwa vitumbula, au maiuniti ya simu, lakini orodha ni ile ile. Mwezi jana nilipita shule moja, nikawauliza watoto wa mwaka wa sita shefu wao anaandikaje majina. Walitazamana. Msichana wa mbele akajibu: «Mwalimu, jina la kwanza huwa limeandikwa kabla hujatoka mlangoni.»