Lenzi, maji na mgongo: vifaa vya kupigia picha michezo ya nje Zanzibar

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuitika, hasa mliotoka shamba mapema. Mada ni vifaa vya kamera kwa michezo ya nje: kaiti (kuteleza majini ukivutwa na tiara), ngalawa, mpira. Lakini nitaanza na maji, kwa sababu kwetu maji ndiyo yanayokupangia pa kusimama, na ukishajua unasimama wapi, lenzi inajichagua yenyewe.

Chukueni Paje. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake hufika kama mita nne. Asubuhi unaweza kutembea mbali kuelekea mwambani, lakini pwani ya mashariki jua linatoka baharini, linakupiga usoni, na mchezaji wako anatoka kivuli kitupu. Jioni jua liko mgongoni, rangi zinawaka, ila bahari imejaa na wewe umebaki mchangani. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, saa zinageuka. Maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi, hayarudi mbali, lakini unaingia hadi mapajani ukiwa na jua nyuma yako. Kwa hiyo mtu yule yule, ufukwe ule ule, anahitaji lenzi mbili tofauti ndani ya wiki moja. Jedwali la maji liwe ndani ya begi kama betri.

Sasa hesabu, na hii muiandike. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita (namba iliyoandikwa juu yake, si urefu wa umbo lake), zidisha na kimo cha mtu kwa mita, gawa kwa umbali wa mita. Jibu ni milimita ambazo mtu huyo atachukua kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Fulfremu, yaani sensa kubwa, ina milimita 24 kutoka juu hadi chini. Sensa ndogo ya APS-C ina kama 16. Mchezaji wa mita 1.8 aliye mita 30 kutoka kwako, kwa lenzi ya 200: mara 1.8 ni 360, gawa kwa 30, unapata 12. Nusu ya picha kwenye fulfremu, karibu robo tatu kwenye APS-C. Safi kabisa. Mpeleke mita 100 na ufunge lenzi ya 400: unapata 7.2, hata theluthi ya picha haifiki. Ukitaka arudi kuwa nusu, ama utafute lenzi ya zaidi ya 600, ama usogee mpaka mita 60. Hatua hizo arobaini majini hazina bei.

Na si kila mara unamtaka mtu peke yake. Kamba za kaiti nyingi zina mita 20 hadi 25. Kuliingiza tiara lile na mwenyewe katika fremu moja, ukiwa mita 100, milimita 70 au 80 zinatosha. Ndiyo maana nasema lenzi ya kwanza ni ya milimita 70–200, si ile ndefu inayotamanisha. Mwenye kupiga mpira wa usiku viwanjani Amaan au Gombani achukue ya f/2.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, yenye uzito kati ya kilo moja na moja na nusu. Anayepiga bahari mchana tu asijitese: za f/4, zenye tundu dogo zaidi, nyingi ziko chini ya kilo moja, na mchana wetu una mwanga wa kumwaga. Ile 150–600 ina kama kilo mbili. Iwe ya pili, ukishajua unaihitajia wapi. Saa saba mchana haitakusaidia, maana hewa inayotetemeka juu ya mchanga wa moto hulainisha picha ya lenzi ndefu yoyote, ya bei yoyote.

Jambo jingine la lenzi: zile zinazorefuka unapozungusha huvuta hewa ndani, pamoja na chumvi na vumbi lake. Inayokaa urefu mmoja ina maisha marefu zaidi kwetu. Na neno "imezibwa dhidi ya hali ya hewa" halimaanishi haipitishi maji. Linamaanisha matone, tena iwapo lenzi yenyewe ina pete ya mpira pale inapofungwa kwenye kamera.

Ngalawa. Wasiojua tanga hukaa upande wa demani (unakoelekea upepo) kwa kuwa tanga linaonekana kubwa, kisha wanalalamika kwamba watu hawaonekani. Watu wako upande wa goshi (unakotoka upepo), wamekalia ndubi, ule mti wa pembeni unaoelea, kuizuia ngalawa isilale. Kaeni goshini. Mtawaona mabaharia wote, na zaidi ya hapo upepo unakuwa mgongoni kwenu, rasha rasha za maji zinakwenda mbele badala ya kuja kwenye kioo. Chombo kinapobisha (kugeuza upande wa upepo), foromali, ule mti unaobeba tanga, inahamishwa na watu wanavuka upande. Hapo ndipo pa kufyatua.

Kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) iwe 1/1000 ya sekunde kwenda juu, 1/2000 ukitaka matone ya maji yasimame hewani. Tumieni shata ya kawaida, si ya kielektroniki, kwenye kamera nyingi za bei ya kati: shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, na ngalawa ikikatiza kwa kasi mbele ya kamera iliyotulia, mlingoti unatoka umeinama. Mwenye chombo hatakusamehe.

Kadi. Faili ya RAW (picha ghafi) ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 28. Picha kumi kwa sekunde ni megabaiti 280. Kadi yenye alama V30 inakuhakikishia kuandika megabaiti 30 tu kwa sekunde. Akiba ya ndani ya kamera inajaa, kamera inaganda, na mchezaji anatua wakati huo huo. Kadi ya V60 au V90 inasaidia kama kamera yako ina nafasi ya UHS-II, yaani ya kadi za kasi. Kama haina, umenunua lebo. Dawa ya bure ni kufyatua tatu tatu au tano tano, si kushikilia kidole.

Kubeba, basi. Kamera mbili na lenzi mbili ni bora kuliko kamera moja na kubadilisha lenzi ufukweni, ambako upepo wa kusi hautakupa hata sekunde tano za usalama. Mwenye moja achague lenzi nyumbani na akae nayo. Lenzi nzito ishikwe kwa pete yake ya mguu. Ukiining'iniza kwa mkanda wa kamera, uzito wote unakula pale zinapoungana. Majini chukua mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, ukunje mara tatu, uache hewa kidogo ndani ili uelee ukikuponyoka. Monopodi (mguu mmoja wa kuegemeza kamera) ikizama mchangani, toboa kipande cha kandambili kuukuu uvike mguuni. Miguuni vaa viatu, kuna viumbe wenye miba huko. Na kamba za mwani zina wenyewe: zungukeni, msizikanyage, wala msiwaelekezee kamera kina mama bila kuwaomba.

Kwa wanaokwenda Pemba kwa ndege ndogo: mzigo kwa kawaida ni kilo 15, begi laini, na betri za akiba mnazibeba mkononi, ncha zake zimefunikwa.

Sasa adui mwenyewe, chumvi. Chumvi huvuta maji hewani unyevu ukizidi asilimia 75, na usiku wetu mwingi uko juu ya hapo. Kamera uliyoiona kavu jioni, saa sita usiku ina maji ya chumvi juu yake tena, yanaingia kwenye vifungo na kula shaba. Kwa hiyo haingojei kesho. Kwanza puliza kwa pampu ya mpira, usifute, maana punje kavu zinakwaruza. Kisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kukamuliwa sana, pitisha mwili mzima. Kitambaa cha pili chenye maji mapya. Cha tatu kikavu. Kioo mwisho. Na maji yawe ya chupa: visima vingi vya pwani vina chumvi chumvi, utakuwa unairudisha.

Ikidumbukia baharini, toa betri papo hapo na usijaribu kuiwasha "kuona tu". Mchele hautoi chumvi. Fundi siku hiyo hiyo.

Ukungu wa kioo una sababu nyingine. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20, ukitoka nje kamera inatokwa jasho kama glasi ya maji ya barafu. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, iache nusu saa hadi saa nzima ipate joto la nje. Usifungue lenzi wakati huo.

Kuhifadhi: chombo chenye mfuniko wa kubana, silika (punje za kufyonza unyevu), na kipimo kidogo cha unyevu kikae kwenye asilimia 40 hadi 50. Begi la kamera lililofungwa kabatini ndilo shamba la kuvu.

Wanaonunua lenzi ya mtumba, hapo ndipo mnapoibiwa. Fungua tundu la lenzi lote, weka tochi upande mmoja, angalia upande wa pili kwa pembe. Vumbi ni nukta, si neno. Kuvu ni nyuzi, kama utando wa buibui, mara nyingi huanzia ukingoni. Hapa mezani ziko lenzi mbili, moja safi na moja haifai. Njooni kwa zamu na tochi za simu zenu, mniambie ni ipi.