Ukihama na Vyombo, Andika Orodha Kabla ya Kupakia

Asalaam aleikum, na wa Tumsifu Yesu Kristo pia, hamjambo jamani. Wazee wangu mliokaa hapa mbele shikamooni. Nimeambiwa niongelee habari ya kuhama na vyombo vya nyumbani kwa gari mpaka unavuka nchi, na sishangai ukumbi kujaa, maana Tanga hii kila nyumba ina mtu Mombasa, ina mtu Lusaka, ina mtu Johannesburg, na wote hao siku moja watataka kurudi na makochi yao. Mimi nimeendesha Fuso la mizigo muda mrefu kabla sijaingia kwenye uwakala wa forodha, kwa hiyo nitaongea kidereva zaidi, sheria nitaishika pale inapobidi, na anayeona nakwenda mbio aninyooshee mkono.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka mchoke. Andika orodha kabla hujapakia! Sio ukiwa mpakani umekaa kivulini chini ya lori unamuuliza mkeo eti lile boksi la bluu tuliweka nini. Pale kwenye geti mtu wa forodha anataka kujua mambo mawili tu, hiki kitu ni cha kutumia au cha kuuza, na thamani yake ni shilingi ngapi. Usipomjibu kwa karatasi atajijibu mwenyewe kwa macho, na macho yakiona tivii tatu na majiko mawili ya gesi bado yana nailoni yanaona duka, hayaoni familia inayohama. Usimlaumu, ungekuwa wewe ungewaza hivyohivyo.

Sasa kitu ambacho kinaniuma sana ni watu kulipa wasichodaiwa kwa kuwa hawajui. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tano, inasema mtu anayehama makazi kweli kutoka nje ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, awe anakuja kwa mara ya kwanza au ni mwenyeji anarudi kwao, anaweza kuingiza bila ushuru nguo zake na vyombo vya nyumbani ambavyo alikuwa anavitumia kule alikokuwa anaishi, pamoja na gari moja. Mimi huwa nasisitiza hilo neno la kuvitumia. Kitanda ulichokilalia Lusaka miaka minne ni chako na kinasamehewa, kitanda ulichokinunua jana ukakifunga juu ya lori hicho ni kipya na kinadaiwa. Na gari nalo uwe umelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje miezi 12, sio umelinunua Johannesburg jumatatu, wikiendi uko Tunduma mpakani na Zambia unadai msamaha. Basi kubwa la abiria halimo, lori la kubeba zaidi ya tani 2 halimo, na mwenyewe uwe umefika miaka 18. Kina mama nisikilizeni hapa, vitambaa vya jora havimo kwenye msamaha, jora ni jora hata ukisema utashona mapazia ya nyumba nzima. Na kama wewe umetangulia kwa ndege vyombo vinakuja nyuma, una siku 90 tangu ulipofika, Kamishna wa forodha anaweza kukuongezea lakini isizidi siku 360.

Ila huo msamaha hauji wenyewe, unauomba na unauthibitisha. Pasipoti yenye mihuri ya kule, kibali chako cha kuishi, barua ya kazi kwisha, mkataba wa nyumba, barua za uhamisho za watoto shuleni, vyote hivyo weka kwenye faili moja, na faili likae kwenye kabini ya dereva, lisipakiwe ndani ya kabati nyuma huko (mnacheka lakini haya tunayaona!).

Haya, kwa vile vipya tupige hesabu pamoja. Tuseme umenunua Lusaka kochi jipya la Kichina, na thamani yake ukijumlisha usafiri na bima imekuja shilingi 1,000,000. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una makundi, 0, 10, 25, halafu tangu Julai 2022 likaongezwa la asilimia 35 na fanicha wakaiweka humo. Kwa hiyo ushuru ni 350,000. Inakuja VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na hapa ndipo watu wanapogombana dirishani, kwa sababu VAT haipigwi kwenye ile milioni peke yake, inapigwa kwenye milioni pamoja na ushuru, yaani 1,350,000, unapata 243,000. Hizo mbili tu jumla 593,000, na bado kuna kodi na tozo nyingine juu yake. Ukishajua hesabu hiyo unaamua ukiwa bado dukani kama kochi linakulipa au ununue la mninga hapahapa Ngamiani, na mimi ukiniuliza nitakwambia la mninga.

Risiti nazo zitunze. Kama huna risiti afisa hajakwama, sheria inampa njia nyingine za kupata thamani, ataangalia bidhaa kama hiyo imeingia kwa bei gani, na bei hiyo mara nyingi haitakufurahisha.

Turudi kwenye orodha. Kila boksi lipe namba kwa makapeni, pande mbili, na kwenye karatasi andika boksi namba fulani lina nini, kimetumika au kipya, thamani ya kukadiria, na vitu vya umeme kama friji na tivii andika na namba yake ile ya nyuma. Toa kopi tatu, saini zote. Mwaka fulani nimefika Tunduma na mzigo wa mwalimu mmoja anarudi huku kwetu, afisa akachagua mwenyewe, nifungulieni boksi la 14. Karatasi inasema kinu, mchi, mbuzi ya nazi, chetezo na mikeka miwili. Tukafungua, kinu, mchi, mbuzi, chetezo, mikeka miwili. Akafungua la pili hivyohivyo, la tatu hakulitaka tena, akarudi ofisini kumalizia karatasi. Jirani yetu kwenye foleni hakuwa na orodha, akashushiwa lori zima mpaka magodoro yakawa chini kwenye vumbi na mvua imefunga, roho iliniuma.

Na upakiaji pia una akili yake. Vile vipya unavyojua utalipia viweke mlangoni mwa lori, visikae kule mwisho chini ya makabati, maana hivyo ndivyo vitakaguliwa, na utingo wako atakushukuru.

Hapa kwetu Horohoro, mpakani na Kenya, mambo ni tofauti kidogo. Kituo ni cha pamoja, ukiingia Tanzania unamalizia yote Horohoro, ukienda Kenya unamalizia Lunga Lunga. Mstari wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Wadigo wakajikuta huku wapo na kule wapo, na wazee mnakumbuka Jumuiya ilivyovunjika 1977 na mpaka huu ukafungwa hadi 1983, harusi za upande wa pili zikawa shida. Leo kitu kilichotengenezwa Kenya kinaingia kwa ushuru sifuri ukiwa na cheti cha uasilia, yaani karatasi ya kuthibitisha kimetengenezwa wapi, na mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kile rahisi kinachotolewa palepale mpakani, ingawa VAT iko palepale. Lakini kutoka Kenya sio kutengenezwa Kenya. Tivii ya China iliyonunuliwa Mombasa bado ni ya China. Na ule msamaha wa kuhama umeandikwa kwa anayetoka nje ya nchi wanachama, kwa hiyo anayehama kutoka Mombasa asiende kuupigia meza, aende na orodha yake na ushahidi kwamba aliishi kule, na aulize ofisi ya forodha kabla hajakodi lori.

Mifuko ya plastiki msifungie vitu, Kenya walipiga marufuku Agosti 2017 na sisi Juni 2019. Nguo za ndani za mtumba haziruhusiwi kuingizwa, TBS, shirika letu la viwango, wanazikataza. Kopo la asumini na udongo wake linataka karatasi za afya ya mimea, bora uache uje kuomba kijiti kwa jirani. Fedha taslimu kuanzia dola 10,000 unatamka.

Nakuombeni kwa dhati muwaogope vishoka, wale mawakala wa uongo. Malipo ya serikali yana kontrol namba, yaani namba ya kulipia, unalipa benki au kwenye simu, unapata risiti yenye jina lako. Hakuna afisa wala wakala halali anayepokea ushuru mkononi nyuma ya kibanda cha chipsi. Na wale wanaokwambia pitisha Jasini usiku au shusha kwa mashua kule Moa, magendo ni kifungo mpaka miaka 5 au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote, na chombo kilichobeba kinaweza kutaifishwa. Yaani umehatarisha Fuso la watu kwa ajili ya vyombo ambavyo pengine vilikuwa vinasamehewa!

Dada kule nyuma ameuliza, marehemu mama yake ameacha vyombo Mombasa, afanyeje. Pole sana dada. Sheria hiyohiyo ina kifungu chake, vitu binafsi vilivyotumika vya marehemu vinavyokwenda kwa mrithi vinaweza kusamehewa, kwa masharti ya Kamishna. Chukua cheti cha kifo na karatasi za mirathi, andika orodha ile niliyosema, na vitu vya mama usivichanganye na vyako ulivyonunua wewe. Ukitoka hapa njoo tukae tuanze kuiandika.