Maiki haisikiki kwenye kompyuta? Usikimbilie kununua nyingine

Haya jamani karibuni, niko hapa Nyegezi, Mwanza, upepo wa ziwani leo umetulia ndo maana nimewahi kurekodi. Wiki hii nimeletewa maiki tatu, wenyewe wanasema zimekufa, nimezijaribu zote ni nzima kabisa. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kwenda sokoni Makoroboi kununua nyingine, kaa na mimi dakika chache.

Swichi kwanza, ile ndogo kwenye waya, imewashwa? Sawa. Laptopu nyingi nazo zina kitufe chenye kamchoro ka maiki iliyopigwa mstari, ukikigusa bahati mbaya umeshaizima. Tunasonga.

Sasa pini. Hapa tulieni maana ndo maradhi ya wengi. Ngoja, kamera haishiki vizuri, nisogee dirishani... haya, mnaona hivi vimstari vyeusi? Hii ina viwili, hii ina vitatu. Ya vitatu ni ya earphone za simu, sauti na maiki vimo humo humo kwenye pini moja. Kompyuta ya mezani ina matundu mawili, la kijani la spika na la pinki la maiki, na lile la pinki linatafuta maiki kwenye ncha ya pini wakati ya simu yako imekaa huku nyuma mwisho kabisa, hawakutani. Unahitaji adapta yenye umbo la Y. Ninazo hapa dukani, ila hata ukinunua kwingine sema unataka ya maiki na hedifoni, usipewe ile ya watu wawili kusikiliza muziki pamoja, zinafanana sana kwa macho.

Na kama kompyuta yako ilitoka ofisini ikauzwa used, chomeka nyuma, usichomeke mbele. Nimefungua nyingi nakuta waya wa matundu ya mbele umening'inia tu ndani, aliyesafisha hakuurudisha. Ukichomeka, kuna mashine zinatoa kidirisha kuuliza umechomeka nini, chagua Mic In, usikifunge tu.

Haya, kwenye skrini. Bofya kulia kwenye kaspika kale pembeni ya saa, fungua Sound settings, shuka mpaka Input... aah, umeme huo. Subirini.

Tumerudi. Hapo kwenye Input kuna orodha, na naombeni sana msome jina la maiki iliyochaguliwa. Mwaka jana nilirekodi kwaya hapa hapa, masaa mawili, kimstari cha sauti kinapanda na kushuka vizuri nikaamini, kumbe kompyuta ilikuwa inasikiliza kwa maiki ya kamera iliyoko juu ya skrini, ile yangu nzuri imesimama mbele ya waimbaji haina kazi. Walitoka mbali wale akina mama, baadhi walivuka na feri ya Kamanga, na ilibidi warudi tena, iliniuma sana. Kwa hiyo usiongee tu. Kwaruza wavu wa maiki kwa ukucha, taratibu. Kimstari kikiruka juu ghafla, ndo yenyewe. Kisiporuka, hata kama ukiongea kinacheza, siyo yenyewe, inayosikia ni nyingine. Kwaruza kila unapochomeka upya, maana Windows inaweza kubadilisha yenyewe bila kukuuliza. Kwaruza, jamani.

Kama hakuna kinachocheza kabisa, nenda Settings, Privacy, kisha Microphone, kwenye Windows 11 imeandikwa Privacy & security. Washa ya juu, halafu shuka chini kabisa uwashe na ile ya desktop apps, watu wanaiacha hiyo ya chini ndo programu za kurekodi zinakosa sauti.

Sauti ipo ila ndogo? Andika mmsys.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, Enter, Recording, bofya maiki mara mbili, Levels. Ukiona Boost weka +10 au +20, mimi +30 siipendi, inaleta mvumo kama mvua kwenye bati. Na spika zima au vaa hedifoni, la sivyo italia filimbi.

Bado? Andika Device Manager kwenye kisanduku kile kile cha kutafutia, Enter, Audio inputs and outputs, bofya kulia maiki yako, Uninstall device, zima kompyuta uiwashe, Windows itaitambua upya.

Na ikisikika kwenye kurekodi lakini Zoom kimya, Zoom ina orodha yake ya maiki, ingia kwenye kamshale pembeni ya kitufe cha maiki uchague hapo. Kwenye brauza ni kale kaalama kando ya anwani ya tovuti, ruhusu maiki, pakia ukurasa upya.

Haya najaribu hii ya mteja. Nakwaruza... mmeona ilivyoruka? Moja mbili, moja mbili, Nyegezi hapa. Nairudisha tusikie... safi kabisa, hata kunguru wa nje anasikika. Mwenyewe aje kuichukua jioni.