Kipindi: Type 55, Bafu na Kahawa ya Mama Mkwe

ZUU: Tumerudi. Mimi Zuu, huyu Kaka Beka wenu, na hiyo harufu ya siki humu studio inatoka kwenye shati lake.

BEKA: Asidi ya kusimamishia dawa, dada. Nimetoka chumba cha giza kusafisha filamu sasa hivi.

ZUU: Chumba cha giza kipi? Si bafuni kwako!

BEKA: Ukiziba dirisha kwa blanketi, kinakuwa chumba cha giza. Sikiliza. Wiki hii binamu yangu amerudi kutoka Boston, kanibebea boksi la filamu ya Polaroid Type 55. Zima, halijaguswa. Vipande 20, inchi nne kwa tano.

ZUU: Kiwanda si kilitangaza 2008 kwamba kinaachana na filamu za papo hapo?

BEKA: Ndiyo maana nimelipata bure. Kipande cha kwanza nikakipiga, nikakivuta kwenye roli za holda, kile kishikio cha filamu nyuma ya kamera, kama inavyotakiwa, nikabandua. Upande mmoja mweupe pee, upande mwingine madoa ya kahawia. Kifuko cha dawa kimekauka.

ZUU: Waeleze na hao waliokulia kwenye simu.

BEKA: Bahasha ya Type 55 ina vitu vitatu: negativu, yaani filamu yenye picha ya kinyume, karatasi ya kupokea picha, na kifuko cha dawa. Ukiivuta, roli zinapasua kifuko, dawa inatandaa katikati. Fedha, yale madini yaliyo ndani ya filamu, iliyopigwa mwanga inabaki kwenye negativu na kuwa nyeusi. Ambayo haikupigwa mwanga inayeyuka, inahamia ng'ambo, inakuwa picha ya karatasi. Sekunde 20 tu, unabandua, una picha na negativu yake.

ZUU: Negativu unaichovya kwenye sodiamu salfaiti, asilimia 18, kuondoa mabaki ya dawa.

BEKA: Hapo hapo. Sasa kifuko kikifa, negativu haifi nacho. Yenyewe ni filamu ya nyeusi na nyeupe kama nyingine, imeingiwa ukungu kidogo kwa uzee. Kwa hiyo kilichofuata nikakipiga, nikakitoa bila kukipitisha kwenye roli. Gizani nikachana bahasha, nikaibandua negativu kwa kucha. Taratibu, maana ngozi yake laini, inakwaruzika kwa kuitazama tu. Nikaitia kwenye trei.

ZUU: Trei ya nini? Waambie trei ya nini.

BEKA: Tulisema tuna mambo matano ya kuwaelekeza wasikilizaji…

ZUU: Trei ya nini, Beka?

BEKA: Ya kahawa.

ZUU: Kahawa ya nani?

BEKA: Ya mama mkwe.

ZUU: Jamani! Mama kasafiri kutoka Bukoba, kaja na kopo la Africafé linalotengenezwa kwao pale pale, zawadi, na mkwewe kaligeuza dawa ya filamu.

BEKA: D-76, dawa ya dukani ya kusafishia filamu, ilikuwa imeniishia! Na si uchawi, ni kemia. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa chuo cha Rochester, Marekani, Scott Williams, alifanya na wanafunzi wake; vitamini C iliongezwa baadaye. Lita moja ya maji: kahawa ya kuyeyuka gramu 40, vitamini C gramu 16, magadi ya kufulia gramu 54. Na kahawa ya bei poa ndiyo inayosafisha filamu vizuri.

ZUU: Usimwambie mama kahawa yake ni ya bei poa.

BEKA: Sijasema hivyo! Nimesema robusta.

ZUU: Na magadi? Yale ya kuivishia maharage?

BEKA: Yale ghafi hapana, nusu yake ni baikaboneti. Mpaka uyakaange kwanza kwenye sufuria kavu.

ZUU: Sufuria ya nani?

BEKA: Zuu.

ZUU: Nauliza tu. Na vitamini C usiniambie ulinunua vile vidonge vya machungwa vya watoto.

BEKA: Hapana, vina sukari na rangi. Nilichukua ya unga famasi. Tatizo halikuwa dawa. Tatizo, dakika ya saba mama akabisha hodi.

ZUU: Mkwe na mkwe, bafu moja!

BEKA: Mimi siwezi kufungua. Negativu hii inaona rangi zote, hata taa nyekundu huwashi, giza totoro. Naye hawezi kuniambia anataka nini, ni mkwe. Anasema, "Baba, si haraka." Nami najibu, "Shikamoo mama." Tumebaki hivyo, yeye nje na mimi ndani, natikisa trei.

ZUU: Halafu harufu ya kahawa inapita chini ya mlango.

BEKA: Akamuuliza mke wangu: "Huyu kahawa anainywea chooni?"

ZUU: *(anacheka, hasikiki)*

BEKA: Lakini negativu imetoka, Zuu. Mwembe wa jirani, jani moja moja unaliona.

ZUU: Hapo ndipo sikuelewi. Karatasi ya kupokea umetupa, kifuko umetupa, ile alama ya dawa iliyotapakaa pembeni, ambayo ndiyo sahihi ya Type 55, haipo. Una filamu ya kawaida, ya polepole, inayotaka mwanga mwingi, tena nzee. Kwa nini usipige filamu mpya?

BEKA: Kwa sababu negativu ndiyo iliyowavuta watu. Ansel Adams, yule mpiga picha maarufu wa Marekani, alikuwa mshauri wa Polaroid miaka na miaka, na Type 55 aliitumia kwa ajili ya negativu.

ZUU: Aliipata pamoja na picha yake, papo hapo, akiwa bado amesimama porini! Anaona kosa, anarudia. Wewe umekuja kuona chako baada ya nusu saa bafuni.

BEKA: Kwa hiyo niache boksi lioze?

ZUU: Vuta vyote kwenye roli. Kitakachotoka na madoa kitoke na madoa. Huo ndio umri wake.

BEKA: Kufuja filamu.

ZUU: Kufuja ni unavyofanya wewe.

BEKA: Hatutakubaliana.

ZUU: Hatutakubaliana. Na fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, zimebaki dakika mbili. Yale mambo matano?

BEKA: Hata la kwanza sijamaliza. Haraka haraka: maji ya bomba Dar ni ya moto, yanafika nyuzi 30, na vipimo vyote vimeandikwa kwa 20. Nunua barafu ya mfuko dukani, weka trei ndani ya beseni la barafu, usiitie barafu kwenye dawa. Filamu nzee ipe mwanga zaidi, stopu moja au mbili, yaani mara mbili au mara nne. Fiksa, ile dawa ya kuidumisha picha…

ZUU: Fiksa wiki ijayo.

BEKA: Wiki ijayo tuna mgeni.

ZUU: Basi mwenye D-76 ya kumuuzia Beka atuandikie, apone mama wa watu. Alhamisi, saa ile ile.